Glaida: nikiingia kona, uzi wa kwenye kioo haukai katikati

kadeti_mpya
Wakuu, habari za humu. Bado nafundishwa kwenye glaida (ndege isiyo na injini) ya viti viwili. Nikiilaza kushoto, pua inachepukia kulia kwanza ndipo inarudi, na mkia wa uzi wa sufi (ule wa nje ya kioo cha mbele, unaoonyesha hewa inatoka upande gani) unalala kulia. Mkufunzi anasema "mguu!" basi. Nikikanyaga pedali ya usukani wa mkia, uzi unahamia upande wa pili. Tena akiona hivyo kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua anakuwa mkali kweli. Shida iko wapi?

Bawa_refu
Dogo, hapo unatumia mkono peke yake. Ukipeleka stiki (mpini wa kuongozea) kushoto, eleroni, yaani kibawa kinachochezacheza nyuma ya bawa, ya upande wa kulia inashuka. Bawa hilo linapata nguvu zaidi ya kuinuka, lakini pia linakokotwa zaidi na hewa, ndiyo maana pua inavutwa kulia. Glaida ina mabawa marefu (ASK 21 ni mita 17 ncha hadi ncha), kwa hiyo mvuto huo unaonekana kuliko kwenye ndege ndogo ya injini.

Kanyaga pedali upande ule ule wa stiki, kwa wakati mmoja. Ukifikia mlalo unaoutaka, rudisha stiki karibu na katikati na upunguze mguu pamoja nayo. Nadhani hapa ndipo unapokwama: mkono umerudi, mguu umebaki umekanyaga. Ukitaka kusahihisha, kanyaga upande ulio kinyume na mkia wa uzi. Uzi umelala kulia? Mguu wa kushoto, taratibu.

Upepo_wa_kusi
Naongezea: usiukodolee macho huo uzi. Tazama mbele, upeo wa macho, uzi uuchungulie tu. Omba zoezi hili mkiwa juu: chagua alama moja mbali, laza ndege kushoto kama digrii 20, kisha kulia, bila kusimama, pua ibaki kwenye alama. Pua ikikimbilia upande ulio kinyume na unakolaza, mguu haujatosha. Ikikimbilia upande unakolaza, umezidisha.

mzee_wa_winchi
Kuhusu ukali wa mkufunzi, ana haki. Uzi ukilala upande wa nje wa kona, ndege inateleza ndani. Si nadhifu, ila unapoteza kimo tu. Uzi ukilala upande wa ndani, umezidisha mguu. Hapo ukiwa na mwendo mdogo, bawa la ndani linaweza kukata (kuishiwa nguvu ya kuinua) kwanza, na ndege ikaanguka ikizunguka kama pia. Kwenye mita 100 hakuna nafasi ya kuitoa.

Kumbuka pia kwamba ukiilaza ndege digrii 45, mwendo wa kukata unapanda kwa karibu asilimia 19: wa kilomita 65 kwa saa unakuwa kama 77. Weka mwendo wa kutua kabla ya kuanza kona. Na ukiona umepitiliza mstari wa uwanja, usisukume pua kwa mguu. Kamilisha kona vizuri, kisha rudi kwenye mstari polepole.

kadeti_mpya
Asanteni sana. Pedali ya kulia naifikia kwa ncha ya kiatu tu, inaweza kuchangia?

mzee_wa_winchi
Tena sana! Sogeza pedali karibu kabla ya kufunga mikanda, na uhakikishe unaikanyaga mpaka mwisho pande zote mbili. Ukihitaji mto mgongoni, uwe mgumu. Sponji laini hubonyea winchi (mashine ya kamba inayoirusha glaida) inapovuta, unarudi nyuma, na stiki na pedali zinakuwa mbali nawe wakati pua iko juu.