Waliotuwekea simu za ofisi waliacha mlango wazi kwa wezi, kampuni ya simu ikatazama tu, na deni tumebandikwa sisi

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu naamini ofisi nyingi za hapa Dar es Salaam, kuanzia Posta hadi Barabara ya Nyerere, zimekaa kwenye hatari ileile ya wezi kuingia kwenye mtambo wa simu kupitia intaneti na kupiga simu za nje kwa gharama yenu, na watu wanaolipwa kuzionya wamenyamaza.

Sisi ni mawakala wa forodha. Kazi yetu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, na simu za nje ya nchi hatuwezi kuzikwepa: tunapiga Lusaka, Lubumbashi, Dubai na Guangzhou, basi. Baada ya mapumziko ya Pasaka tuliletewa ankara ya zaidi ya shilingi milioni 11, karibu yote ikiwa ni simu za kwenda Kuba, Somalia na Latvia, nchi ambazo hatuna mteja hata mmoja.

Niliomba orodha ya simu hizo nikaisoma mstari kwa mstari. Zilianza usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, majira ya saa nane, zikaendelea hadi asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, na zote zimetoka kwenye ekstensheni 104, yaani namba ya ndani ya simu moja ya ofisini. Kuna wakati ekstensheni hiyo moja ilikuwa na simu sita hewani kwa pamoja, na kila iliyokatika ilifuatiwa na nyingine papo hapo. Sasa, simu ya 104 ilikuwa ya karani aliyekwisha kuacha kazi. Kifaa chenyewe kimo kabatini, waya wake umeviringishwa na kufungwa kwa raba. Hakuna binadamu aliyeugusa mkono wa simu ile.

Tulimwita fundi mwingine aikague swichibodi, ule mtambo unaoziunganisha simu zote za ofisi na ambao kwetu uko kwenye intaneti, naye hakuchukua muda mrefu. Nywila ya ekstensheni 104 ilikuwa 104. Ya 105 ilikuwa 105, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Namba ya siri ya kisanduku cha ujumbe wa sauti ilikuwa 1234 kwa kila mfanyakazi. Ukurasa wa usimamizi ulifunguka kutoka popote duniani kwa jina na nywila za kiwandani, zile zinazochapishwa kwenye kitabu cha maelekezo, na poti 5060, yaani mlango wa mtandao ambao simu za SIP (zinazopita kwenye intaneti) huutumia, ilikuwa wazi kwa intaneti nzima. Kampuni iliyotufungia mtambo huu ilitutoza fedha za ufungaji, ikatutoza na fedha za "usalama wa mfumo" kwenye mstari wake wa peke yake, na karatasi ya makabidhiano yenye muhuri wao ninayo mezani. Nilipowaandikia, walijibu kwamba mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri siku ya makabidhiano. Ni kweli ulifanya kazi vizuri. Umewafanyia kazi hata wezi.

Kwa wasioufahamu wizi huu, mwizi hana haja ya kusikiliza mazungumzo yenu wala kujua siri zenu. Ana programu inayozunguka kwenye intaneti usiku na mchana ikitafuta mitambo inayoitika, kisha inajaribu ekstensheni moja baada ya nyingine kwa nywila rahisi. Ikipata moja, mtambo wako unaamriwa kupiga namba za kimataifa ambazo yeye au mshirika wake amezikodi, namba ambazo dakika moja hutozwa bei kubwa na sehemu ya fedha hizo humrudia aliyezikodi. Ndiyo maana huchagua usiku, mwisho wa wiki na sikukuu, wakati ambapo mapokezi hakuna mtu wa kushtuka kwamba laini zote zina shughuli. Kampuni ya simu ya hapa hudaiwa na kampuni iliyozibeba simu hizo hadi nje, nayo hukugeukia wewe. Unapokuja kuiona ankara, wenzako wamekwisha kugawana.

Hapo ndipo hasira yangu kubwa ilipo. Mtandao unaoweza kunitumia ujumbe kwamba nimetumia asilimia 75 ya kifurushi cha shilingi elfu moja unashindwaje kuona laini ya biashara, ambayo haijawahi hata mara moja kupiga Kuba, ikipiga Kuba usiku kucha siku ya sikukuu? Hatukupata ujumbe wala simu ya kutuuliza. Tulichopata ni ankara, na baada ya kulalamika tukapata sentensi moja kwamba simu zimetoka kwenye laini yetu, hivyo tuna wajibu wa kulipa, pamoja na onyo la kukatiwa huduma. Serikali na kampuni hizi zimetufundisha sote, hadi bibi zetu vijijini, kuukataa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na nawapongeza kwa hilo. Kuhusu simu ya mezani ya ofisi, ambayo usiku mmoja unaweza kumaliza mishahara ya watu, sijasikia tangazo hata moja.

Tumetoa taarifa polisi na RB, namba ya taarifa yetu kituoni, tunayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kuwa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa, lakini mkosaji mwenyewe yuko kusikojulikana, na anayepatikana kirahisi ni mdaiwa. Barua ya malalamiko tumeipeleka kwanza kwa kampuni ya simu, kama utaratibu unavyotaka, na isipojibiwa kwa maana itafuata njia ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kinga yenyewe si ya gharama. Fundi huyu wa pili alifuta ekstensheni zote zisizo na mtu, akaweka nywila ndefu zisizofanana, akaufunga ukurasa wa usimamizi usifunguke nje ya ofisi, na wenzetu walioko bandarini sasa wanaingia kwa VPN, njia ya siri ndani ya intaneti, badala ya kupitia poti iliyo wazi. Alizuia kabisa simu zinazoanza na 000, yaani za nje ya nchi, kisha akaruhusu nchi nne tu tunazozihitaji, tena kwa namba ya siri ya mtu mmoja mmoja, na baada ya saa za kazi hata hizo hazipigiki. Aliondoa pia uwezo wa kupiga nje kupitia kisanduku cha ujumbe, na uwezo wa mtu aliye nje kuelekeza simu zetu kwenye namba nyingine. Ekstensheni moja haiwezi tena kupiga simu mbili za nje kwa pamoja. Kazi hiyo yote ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Waliotutoza fedha za usalama walishindwa nini?

Ninachodai kwa kampuni ya simu ni mambo mawili. Kwanza, laini ya biashara ifungwe simu za kimataifa tangu siku ya kwanza, ifunguliwe kwa maandishi ya mteja na kwa nchi anazozitaja. Pili, kuwe na ukomo wa matumizi kwa siku, ukifikiwa laini ijifunge na mtu apigiwe, hata kama ni saa nane usiku. Kwa waliotufungia mtambo, nataka warudishe fedha za "usalama" na wachangie deni hili. Wakili wetu anaiandaa barua yao.

Kama kuna mwenye mkataba wa laini za ofisi wenye kipengele cha ukomo wa matumizi, naomba aweke hapa maneno ya kipengele hicho, akiwa ameficha majina. Wakili anayahitaji kabla hatujaketi na kampuni ya simu.