Mjadala: Fizikia ya msingi Uganda, tuigharimie au tuiache?

Ndugu zangu, mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, nami nikaunga mkono. Lakini ukitaja utafiti wa fizikia ya msingi, yaani ule wa kuelewa maumbile kabla ya kuuliza faida, jibu ni lile lile: tuchimbe madini kwanza, nadharia tuwaachie matajiri. Napinga, na shahidi wangu ni madini yenyewe.

Kule Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, huchimbwa mawe yenye metali ya tungsteni. Sasa tazameni fuwele mbili zisizopitisha umeme. Moja ina strontiamu, shaba, tungsteni na oksijeni. Ya pili ni hiyo hiyo, ila mahali pa tungsteni pamekaa elementi nyingine, teluriamu. Ndani ya fuwele hizi tungsteni na teluriamu hazina usumaku. Usumaku uko kwenye shaba, iliyojipanga kwa miraba, na katikati ya kila mraba amekaa huyo jirani asiye na sumaku.

Akiwa teluriamu, kila shaba huelekeza sumaku yake kinyume na shaba ya ubavuni. Akiwa tungsteni, nguvu kubwa huhamia kati ya shaba zinazotazamana kimshazari, na mpangilio mzima hugeuka kuwa safu safu. Shaba haijaguswa! Kilichobadilika ni jirani tu.

Sababu ni elektroni. Tabaka la nje la d (moja ya makazi ya elektroni katika atomu) la tungsteni ni tupu, huchanganyika na la oksijeni, na elektroni hupata daraja la kuvukia kutoka shaba hadi shaba. La teluriamu limejaa elektroni 10 na nishati yake iko chini mno, kwa hiyo halisaidii kuvusha. Kwamba atomu isiyo na sumaku huweza kuunganisha zenye sumaku, mwanafizikia Kramers alilipendekeza mwaka 1934, na mwenzake Anderson akalikuza mwaka 1950.

JIBU: Mwalimu, nimekuelewa. Ila hatuna mtambo wa nyutroni (chembe za kiini cha atomu zinazoonyesha sumaku zimejipangaje) wa kupima hayo, na shule ya kijijini kwangu haina hata maabara.

MWANZISHA MADA: Kweli, ndugu, na maabara ya shule hiyo itangulie. Lakini unga wa fuwele hizi hutengenezwa kwa kusaga oksidi na kabonati, kisha kuchoma tanurini. Hilo Makerere inaliweza, na vipimo vya nyutroni huombwa nje kwa ushirikiano. Ninachodai ni tanuri, kinu na posho ya wanafunzi watatu. Mnaopinga, niambieni ni kipi kati ya hivyo tusichokimudu.