Kupiga kambi na kuogelea Ziwa Turkana, Loiyangalani hadi Sibiloi: wapi pa kuingia majini?

Kaskazini_Twende:

Habari zenu wadau. Tuko wanne: watu wazima wawili na vijana wa miaka 12 na 15, wote wanajua kuogelea. Safari ni Julai. Tunatoka Nairobi kupitia Isiolo na Laisamis, tunalala Loiyangalani siku mbili, kisha North Horr, halafu Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi siku tatu, na kurudi kwa njia ya Marsabit. Gari ni Land Cruiser ya dizeli, tangi la lita 90, na tuna mitungi minne ya lita 20. Mahema ni mawili, yale ya kuba ya kawaida.

Naomba majibu ya watu wanaoijua sehemu ile. Je, kuna mahali salama pa kuogelea ziwani, au habari za mamba zinakomesha mjadala? Hema la kawaida litahimili upepo? Na maji ya ziwa yanaweza kunywewa yakichemshwa, ili tupunguze mzigo?

Mkoma_wa_Ufuoni:

Karibu kaskazini. Nianze na kuogelea, maana hapo ndipo watu hukosea vibaya.

Utaambiwa kwamba mamba wa Turkana ni wapole kwa sababu wanashiba samaki. Usimwingize mtoto majini kwa maneno hayo. Ni mamba wa Nile walewale wa mito mingine, na watu hushambuliwa. Tena maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni, yalimeza fukwe na malisho, na mamba wakasogea karibu na makazi. Ufuo uliosifiwa na mtu miaka kumi iliyopita huenda leo uko chini ya maji, na kuna visiki vya mikoma na nyaya za ua humo ndani zisizoonekana.

Maji yenyewe ni ya kijani na yana ukungu. Ukisimama kiunoni huioni miguu yako, sembuse mamba aliyelala chini. Ndiyo maana kuweka mtu wa kuangalia hakutoshi. Anaona kilicho juu tu.

Mkifika Loiyangalani, ulizeni siku hiyohiyo, na ulizeni swali lenye maana. Ukiuliza "kuna mamba hapa?" utajibiwa hapana kwa heshima ya mgeni. Uliza: watoto wa hapa huoga wapi, saa ngapi, na mamba alionekana lini mara ya mwisho? Waulize wavuvi na akina mama wanaochota maji. Ukielekezwa mahali, bado angalia mchanga wewe mwenyewe. Mamba akitoka majini huacha mburuzo mpana wa tumbo, mfereji mwembamba wa mkia katikati, na nyayo za kucha pembeni. Ukiuona mburuzo mbichi, ondokeni.

Msiingie kabisa karibu na mahali samaki wanapopasuliwa. Matumbo na damu ya sangara humzoesha mamba kuja saa ileile kila siku. Kwa sababu hiyohiyo, msioshe vyombo wala samaki ufuoni mnapochotea maji. Kuanzia jua kushuka hadi asubuhi kupambazuka vizuri, hakuna kuingia, hata kwa kuosha miguu. Maji ya magotini si salama kuliko ya kina, kwani mamba huvizia palepale ukingoni.

Sasa jambo la pili, ambalo wageni hawaliulizi: upepo. Upande wa mashariki, Loiyangalani na Sibiloi, upepo mkali hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ufuoni maji huonekana yametulia kwa sababu mawimbi bado hayajapata nafasi ya kukua. Mtoto juu ya boya la kujaza hewa atasukumwa nje, na kadiri anavyokwenda mbali ndivyo mawimbi yanavyokuwa makubwa. Kurudi ni kupiga mikono dhidi ya upepo. Maboya na magodoro ya hewa yaacheni Nairobi. Upande wa magharibi, Kalokol na Eliye Springs, upepo huohuo hukurudisha ufuoni, lakini huja na mawimbi makubwa.

Ushauri wangu: ogeleeni Loiyangalani, tena kwanza kwenye maji ya chemchemi. Mji ule umekua kwa sababu ya chemchemi zake, na kuna mabwawa ya kuogelea yanayojazwa nazo kwenye nyumba za wageni. Piga simu mapema uulize kama bwawa lina maji. Sibiloi msiogelee. Alia Bay ni makazi ya mamba na viboko, na huko kuoga ni kwa ndoo tu. Funga kamba ya mita 5 kwenye ndoo, simama mita 3 nyuma ya ukingo, rusha, vuta. Na kila siku badilisha mahali.

Laga_Kavu:

Kuhusu hema. Hema la kuba litahimili ikiwa fito zake ni za alumini na lina kamba za kutosha. Fito za fiberglasi nyembamba hupasuka kwenye maungio usiku wa kwanza. Beba mabomba mafupi mawili ya kuunganishia fito iliyovunjika, na utepe mpana wa gundi.

Loiyangalani upepo hushuka kutoka upande wa Mlima Kulal. Kwa kawaida huwa mkali usiku wa manane hadi asubuhi, kisha hupungua mchana. Mgeni anafika saa tisa alasiri, anaona kumetulia, anafunga kamba mbili za kuonyesha tu. Saa nane usiku hema linamlalia usoni. Kwa hiyo lisimamisheni kana kwamba upepo tayari unavuma: mgongo wa hema au upande wake mwembamba uelekee mashariki na kusini-mashariki, mlango uelekee ziwani. Funga kamba zote, si za pembeni tu. Gari likiegeshwa upande unaotoka upepo, mita 3 hivi kutoka hema, husaidia sana.

Vigingi vilivyokuja na hema havifai. Kwenye mchanga vinang'oka, na kwenye mawe meusi ya volkano haviingii. Penye mchanga, chukua mfuko wa gunia, ujaze mchanga kilo 8 hadi 10, funga kamba katikati, uzike kina cha sentimita 40, ushindilie juu kwa mguu. Fimbo nene iliyozikwa kwa kulala, ikikingama na kamba, inafanya kazi hiyohiyo. Penye mawe, zungushia kamba jiwe la kilo 15 au zaidi, lakini kwanza livishe kitambaa au kipande cha tyubu ya baiskeli. Mawe yale yana ncha kama msumeno, na kamba ikisuguliwa usiku mzima hukatika. Mtahitaji mifuko 8 kwa kila hema. Mkiwa nayo tayari, ni kazi ya nusu saa.

Mahali pa kulala: angalau mita 100 kutoka majini na mahali palipoinuka, kwa ajili ya mamba na viboko wanaotoka kula majani usiku. Msilale chini ya mikoma, maana makoma magumu na makuti makavu huanguka upepo ukivuma. Na msilale ndani ya laga, yaani mkondo wa mto mkavu, hata kama mchanga wake ni laini na pana kivuli. Mvua ikinyesha milimani mbali, ambako hamuioni, laga hujaa kwa dakika chache.

Zipu za hema zifungwe muda wote. Kuna nge, kifutu, na nyoka wadogo wa mchangani wenye sumu kali. Kung'uteni viatu kila asubuhi, tembeeni na tochi usiku, na msiinue jiwe kwa vidole vilivyo chini yake. Ligeuzeni kwa fimbo. Akiumwa mtu: alale atulie, kiungo kisisogezwe kabisa, mvueni pete na saa, msimchanje, msimfunge kwa kukaza, mpelekeni hospitali. Kutoka Sibiloi hospitali iko mbali mno kwa gari. Kwa hiyo lipieni bima ya ndege ya wagonjwa kabla ya kuondoka, kama ile ya AMREF Flying Doctors, na mkodishe simu ya setilaiti. Msitegemee mtandao wa simu kule.

Kaskazini_Twende:

Asanteni sana, mmetufumbua macho. Bado swali la maji ya kunywa. Na je, maji ya magadi yanachoma ngozi? Nimeona picha za ndege waliokauka kama mawe kule Natron, na vijana wameogopa.

Magadi_na_Chumvi:

Natron na Turkana ni vitu viwili tofauti. Natron, kule Tanzania, ni maji ya kina kifupi yaliyokolea magadi hadi pH (kipimo cha asidi na magadi) hupita 10, na huko hakuogelewi. Turkana ni ziwa lenye kina, pH yake ni kama 9.2, na chumvi ni takriban gramu 2.5 kwa lita, chini hata ya sehemu moja ya kumi ya bahari ya Mombasa. Halichomi. Ngozi itateleza kama iliyopakwa sabuni, macho yatawasha kidogo, na baada ya saa moja juani ngozi itakauka na kubana. Toeni lenzi za machoni kabla ya kuingia. Mkitoka, suuzeni mwili kwa lita 2 za maji yasiyo na chumvi kwa kila mtu, kisha mafuta mazito ya kujipaka. Mwenye vidonda au aliyetoka kunyoa atasikia mwasho.

Vaeni raba zilizofungwa kisigino, si ndala. Chini kuna mawe makali, ndoana zilizokatika na miiba ya samaki.

Kunywa ni jambo jingine. Ziwa hili halina mto wa kulitoa maji. Omo kutoka Ethiopia huleta sehemu kubwa mno ya maji yake, Turkwel na Kerio huongeza, kisha yote huishia kwa mvuke na chumvi hubaki. Floridi iko juu. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi na floridi hubaki palepale, tena huzidi kukolea maji yanapopungua sufuriani. Chujio la kambini la kawaida pia haliziondoi. Hata vidonge vya klorini hupoteza nguvu kwenye maji yenye magadi, kwa sababu pH ikipita 8 sehemu kubwa ya klorini hugeuka kuwa ile dhaifu ya kuua vijidudu. Kwa hiyo maji ya ziwa ni ya kuoshea vyombo na kupoza mwili. Ya kunywa mbebe.

Hesabu: lita 5 za kunywa na lita 3 za kupikia na kusuuzia, kwa kila mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku nne, yaani tatu za Sibiloi na moja ya njiani, ni lita 128. Ongeza 40 za akiba gari likiharibika: 168, yaani mitungi tisa. Kwenye chupa moja kwa siku kila mtu achanganye lita 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtu akiacha kutoa jasho, akichanganyikiwa au akitapika, ni dharura: mwekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni.

Dereva_wa_Chalbi:

Naona tatizo ambalo halijatajwa: mitungi yenu minne haitoshi kwa maji na dizeli pamoja.

Kutoka Laisamis hadi mrudi Marsabit, pangeni kilomita 900 pamoja na mizunguko ya hifadhini. Kwenye mchanga na mawe hesabuni kilomita 5 kwa lita, yaani lita 180. Tangi na mitungi minne ni 170, na hapo hakuna akiba wala maji. Chukueni mitungi sita ya dizeli na tisa ya maji, rangi tofauti kabisa, ili mtu asikosee gizani. Maji yakae ndani ya gari, chini, nyuma ya viti. Kilo 168 juu ya paa zitalipindua gari kwenye laga. Dizeli ya mapipa hupatikana Loiyangalani na North Horr, lakini bei ni ya juu na mara nyingine ina mchanga, hivyo muipitishe kwenye kitambaa safi na mbebe chujio moja la dizeli la ziada.

Tairi: mchangani shusheni upepo hadi PSI 20, kwenye mawe rudisheni hadi 30. Ukikimbia kwenye mawe na PSI 20, ubavu wa tairi hupasuka na hauzibiki. Spea mbili, si moja, pampu ya umeme, na ubao wa sentimita 40 kwa 40 wa kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki yenyewe itazama.

Jangwa la Chalbi likinyeshewa halipitiki. Juu hukauka na kung'aa, chini ni tope. Julai kwa kawaida ni kavu, lakini ulizeni North Horr kabla ya kukata njia, na fuateni alama za magari hata kama kuna mkato mfupi. Usalama pia hubadilika kwa wiki, hasa kaskazini kuelekea Ileret na mpaka wa Ethiopia. Ulizeni polisi na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) Marsabit, na ni vyema magari yawe mawili. Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, si kwa pesa taslimu langoni. Lipeni na mhifadhi risiti kwenye simu mkiwa bado na mtandao.

Kaskazini_Twende:

Swali la mwisho: jiko. Gesi ya mtungi mdogo au kuni?

Laga_Kavu:

Gesi. Upepo ule hutupa makaa mbali, na kuni za jangwani ni miti michache iliyochukua miaka mingi kukua, msiiguse. Jiko liwe na kinga ya bati pande tatu tu. Ukizungushia pande zote nne, joto hurudi kwenye mtungi na unaweza kulipuka. Pikeni jioni kabla upepo haujaanza, mjaze chai ya asubuhi kwenye chupa, kwa sababu alfajiri kiberiti hakitawaka.