Ukoo wa Kibokoni: darasa la Faiza na Khamis

Khalti Zubeda 08:12
Asalaam aleikum wote. Nakumbusha tena darasa la ndoa ni Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri pale madrasa, WOTE WAWILI si bibi harusi peke yake. Faiza nishamlipia elfu moja, upande wa Khamis nangoja

Khalti Zubeda 10:40
Tiki za buluu naziona jamani

Salim 10:43
khalti kwani huko wafundishwa kupika biriani 😂

Mwanaisha 10:44
we hata chai hujui

Salim 10:44
chai najua, shida sukari

Khalti Zubeda 10:52
Hebu nyamazeni. Ustadhi kaniambia kila mtu apewa karatasi yake, mshahara wako ngapi, una deni la nani, mikopo ya simu iko au haiko, mama mtu atakaa nanyi au la, mke akipata kazi Nairobi itakuwaje, halafu majibu yalinganishwa pale pale. Na wapime damu ya seli mundu KABLA ya kadi kuchapishwa, pwani iko sana na hawa ni mabinamu, wote wawili wakiwa wameibeba basi kila mimba ni moja kwa nne mtoto atoke mgonjwa. Malaysia huko Muislamu haozwi bila cheti cha darasa, sisi twaona haya

Mjomba Athmani 13:05
Mambo mageni haya. Sisi tulioa bila karatasi na tuko

Rukia 13:06
Na mimi niliolewa bila karatasi mjomba. Miezi minane. Lile deni nililijua siku walipokuja kubeba makochi yangu. Posa ile ililetwa na nani vile

Mjomba Athmani 13:11
Rukia hayo tuliyamaliza

Rukia 13:11
Wewe na nani

Salim 13:12
Ujumbe huu umefutwa

Mwanaisha 13:13
Afadhali umefuta

Mwanaisha 16:30
Niko na Bibi hapa nimemsomea yote, asema niandike hivi: "Mimi niliwekwa ndani siku saba somo akinifunda, kukaa, kusema, kunyamaza. Babu yenu hakufundwa na mtu. Nilimfunda mwenyewe miaka mitatu, huku nalia. Khamis aende. Athmani alipe."

Mjomba Athmani 17:48
Sawa mama

Khamis 21:50
Ndio naona sasa nilikuwa shifti bandarini. Jumapili naweza, Jumamosi naingia saa kumi. Na damu shangazi mi naogopa sindano wallahi

Salim 21:51
nitakushika mkono 😂😂

Faiza 21:53
Ukijaza hiyo karatasi usinifiche kitu

Khalti Zubeda 21:55
Jumamosi ndio ya mambo ya pesa Khamis, Jumapili ni haki za mke na mume. Badilishana na mwenzako

Khamis 21:58
Nitaona

Khalti Zubeda 21:58
Nitaona si jibu

Mjomba Athmani 22:14
Zubeda namba ni ile ile?

Rukia 22:20
Khalti karatasi ikibaki moja niwekee

Khalti Zubeda 22:21
Khamis??