Wenye MS mlio kazini: shida zenu mnazipimaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada: Habari zenu wakuu. Mimi ni mhasibu, nina maltipo sklerosisi (MS), ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo na uti wa mgongo, huu mwaka wa sita. Juzi kliniki nimepewa dodoso linaitwa MSWDQ-23, limetokea Australia, linauliza mambo ya kazini tu. Maswali 23, unajipa alama kuanzia 0, haijakutokea, hadi 4, yaani karibu kila mara, ukiangalia wiki 4 zilizopita. Lina sehemu tatu: akili na kumbukumbu, mwili, halafu vikwazo vya nje.

Sasa sikieni. Kwenye EDSS ya daktari, ile ya kupima ulemavu wa MS, 0 (hakuna shida) hadi 10, nina 2. Natembea vizuri, nikipita huwezi kujua. Lakini sehemu ya akili na kumbukumbu nimejaza 3 na 4 mpaka nikaona aibu. Nyie mmekutana na hili?

Mchangiaji 2: Mkuu, EDSS ni ya daktari Kurtzke, ya mwaka 1983, na ukishafika 4 kinachohesabika zaidi ni miguu: unatembea mita ngapi, unahitaji fimbo au la. Mimi nina 6, natembea na fimbo, na kazi ya kutafsiri naifanya saa zangu zote nikiwa nimekaa. Wewe wa 2 ndiye unayeteseka. Namba ya daktari usiipeleke kwa bosi kama ushahidi, itakuponza.

Mchangiaji 3: Nicheke kidogo. Mimi ni mwalimu. Maswali ya kusahau nilijaza sifuri tupu, kwa kujiamini kabisa. Mke wangu akachungulia, akauliza, "Na hilo daftari je?" Nina daftari, jamani. Kila kitu kimo: kipindi, darasa, jina la mwanafunzi aliyeniomba ruhusa, hata mahali nilipoacha funguo. Silisahau jambo kwa sababu sijaribu tena kulikumbuka. Saa nzima kila jioni inaishia kuandika ya kesho, na hiyo saa hakuna swali linaloiuliza. Tangu hapo najaza sifuri yangu, halafu pembeni naandika kwa kalamu: "kwa msaada wa daftari, saa 1 kila siku". Daktari aliposoma ndipo akanipeleka kupimwa kasi ya kufikiri, kile cha kuoanisha alama na namba kwa sekunde 90. Nilitoka nimelowa jasho.

Mchangiaji 4: Wapendwa, msisahau joto. Daktari Uhthoff alishaliandika tangu 1890, mwili ukipata joto dalili zinapanda, ukipoa zinashuka. Nilikuwa napanga mizigo bohari lisilo na feni. Saa nane mchana jicho la kushoto linaingia ukungu. Dodoso ukilijaza asubuhi umeoga maji baridi, wewe ni mzima. Lijaze mchana.

Mchangiaji 5: Mimi sijajaza na sijazi. Karatasi ikifika kwa mwajiri ndiyo barua ya kuachishwa.

Mchangiaji 2: Karatasi ni yako na daktari wako, mkuu, mwajiri haimhusu. Anachohitaji ni maombi: kiti karibu na dirisha, kuanza saa moja mapema, mapumziko mafupi. Mimi niliomba hayo bila kutaja alama hata moja. (Ila hofu yako naielewa. Mie nilificha miaka miwili.)

Mchangiaji 6: Uchovu je? Mimi natumia kile kipimo cha maswali 9, cha 1 hadi 7. Wenzangu wanasema "hata sisi tunachoka". Wao wakilala wanaamka wamepona.

Mwanzisha mada: Nimerudi. Nimerudia dodoso mchana, nikiwa ofisini, na kila nilichokiegemea nimekiandika pembeni: kikokotoo, kengele za simu, mwenzangu anayekagua hesabu zangu kimyakimya. Huyo wa mwisho sikuwa nimemhesabu kabisa. Mchangiaji 3, hivi daftari lako unaliandika kwa siku au kwa darasa?

Mchangiaji 3: Kwa siku. Kwa darasa nilijaribu, nikasahau niko darasa gani.