RAM GB 8 na diski TB 1, au RAM GB 16 na SSD GB 256?

mchaguzi: Wakuu, naomba mwongozo. Laptopu mbili, bei sawa, prosesa ileile. Ya kwanza ina RAM GB 8 na diski ya kuzunguka ya TB 1. Ya pili ina RAM GB 16 na SSD GB 256. Kwa hesabu ya haraka ya kwanza ina GB 1,008, ya pili 272. Kazi zangu ni kuandika, Excel, na kivinjari chenye tabo nyingi.

biti_nane: Hizo hazijumlishwi mkuu. GB inapima ukubwa tu. RAM inashika unachokifanyia kazi sasa hivi, ukizima kinafutika. Diski inatunza mafaili, iwe ya kuzunguka au SSD, ambayo haina kinachozunguka ndani. Meza na kabati. Kwa tabo zako chukua ya pili. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya data kwenye diski, na diski ya kuzunguka husoma MB 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, wakati SSD ya SATA (aina ya kiunganishi) hupita 500. Tena hapo ni faili moja kubwa. Kwa vifaili vilivyotawanyika kichwa cha diski hukimbizana navyo huku na huko, utachoka kusubiri.

mzee_wa_baiti: Naunga mkono, ila usishtuke ukiona Windows inaonyesha SSD yako ni 238 badala ya 256. Hujapunjwa. Watengenezaji wa diski huhesabu GB kuwa baiti 1,000,000,000. Windows hugawanya kwa 1,024 mara tatu, halafu bado inaandika "GB". TB 1 nayo husomeka 931. macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, ilihamia hesabu ya 1,000 mwaka 2009. RAM ndiyo hufuata 1,024 kweli. IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, walileta jina la GiB kwa hesabu ya 1,024 mwaka 1998 kumaliza mkanganyiko huu, lakini kwenye maboksi ni GB ileile.

mchaguzi: Nina video za GB 300 hivi. Nitaziweka wapi?

biti_nane: Diski ya nje. Ila ukiona USB ya Gb 5 kwa sekunde, b ndogo ni biti, na baiti moja ni biti 8. Kiuhalisia haivuki MB 500 kwa sekunde.

bisibisi: Mimi ningeuliza kwanza kama RAM ya hiyo ya kwanza imechomelewa kwenye ubao. Kama ina nafasi ya kuongeza, inunue, uweke SSD na RAM taratibu, na ile TB 1 uitie kwenye kasha la USB ihifadhi video. Kama imechomelewa, achana nayo.