MJADALA: Akili mnemba ikiandika maelekezo, mwandishi wa kiufundi abaki na kazi gani?

Mtoa mada:
Wakuu, salaam. Januari 2025 chama cha Marekani cha waandishi wa kiufundi, yaani wanaoandika maelekezo ya kutumia vifaa na programu, Society for Technical Communication, kilichoanzishwa 1953, kilitangaza kinafunga milango kwa kulemewa na madeni. Tangu hapo vijana wanaambiwa fani imekufa. Mimi nakataa. Kinachokufa ni lile kabrasha nene ambalo hakuna alifunguaye. Kazi yenyewe imehamia kwenye menyu za simu, ujumbe wa makosa, video fupi na majibu ya huduma kwa wateja.

Chukueni menyu ya kutuma pesa kwenye simu ya kitochi. Skrini moja ya USSD, yaani zile menyu za kubonyeza nyota na reli, hubeba herufi 182 tu. Humo humo mtu aone anamtumia nani, kiasi gani na makato yake, tena aweze kughairi kabla ya kuweka namba ya siri. Jina la mpokeaji likikatwa nusu, pesa inaenda kwa mtu baki na kuirudisha ni kilio. Anayepanga maneno hayo ni mwandishi wa kiufundi, hata kama barua yake ya ajira inamwita vingine.

Fundi programu:
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Kwetu tunaandika wenyewe. Maelezo yanakaa pamoja na msimbo wa programu, programu ikibadilika nayo yanabadilishwa siku hiyo hiyo. Rasimu anatoa akili mnemba kwa dakika chache. Kumwajiri mtu wa kuandika tu, kwa kampuni changa, ni anasa.

Bwana shamba:
Ndugu fundi, karibu huku kwetu. Lebo ya dawa inasema mililita 40 kwa lita 20 za maji. Mkulima ana bomba la lita 16, na kipimo chake ni kifuniko cha chupa. Bomba hilo linataka mililita 32; azipimie wapi katikati ya matuta ya nyanya? Anazidisha "ili ishike", majani yanaungua. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwa herufi ndogo mno, kwa hiyo anavuna kesho yake na sisi tunakula. Hiyo akili mnemba yako imewahi kumwona mkulima huyu?

Mtoa mada:
Umenisaidia, bwana shamba. Fundi, rasimu ya haraka siipingi, hata mimi naitumia. Nauliza nani anakaa na mtumiaji amtazame anapokwama. Sehemu hiyo ndiyo inayokua. Umoja wa Ulaya umeweka sheria: mashine iuzwe na maelekezo kwa lugha rasmi ya nchi husika. Kanuni yao mpya, itakayoanza kutumika Januari 2027, inaruhusu maelekezo ya kidijitali, lakini mnunuzi akiomba karatasi wakati wa kununua anapewa bure. Nasi tudai hivi: dawa za shamba, majiko ya gesi na mashine visiuzwe bila maelekezo ya Kiswahili yaliyojaribiwa na wanaovitumia.

Fundi programu:
Kwenye dawa na gesi nakubali. Ila gharama nani abebe? Ukimtwisha mwagizaji mdogo wa Kariakoo, atapandisha bei au apitishe mzigo njia za panya.

Mtoa mada:
Abebe mtengenezaji. Chupa na lebo analipia yeye, na hayo maneno ayalipie. Wauza pembejeo na mawakala wa forodha, mnaona linatekelezeka?